Maktaba ya kidijitali imehamia seva mpya na sasa inasumbua: pa kuanzia

Simu huanza Jumatatu asubuhi. Ijumaa mlihamisha hazina ya tasnifu kutoka toleo la 6 la DSpace, programu ya kuendeshea maktaba za kidijitali, kwenda toleo la 7, ukurasa wa mbele ukafunguka, nembo ya chuo ikatokea, mkapeana mikono na kwenda nyumbani. Jumatatu mwanafunzi anasema tasnifu haifunguki. Mwingine anasema akitafuta hapati kitu. Kabla ya chai ya saa nne, mhadhiri amesimama mlangoni: makala yake iliyokuwa imesomwa mara elfu mbili sasa inaonyesha sifuri.

Maelezo haya ni ya siku hiyo. Nimeyaandika kwa DSpace kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo. Aliyetoka Greenstone, programu nyingine ya aina hii, atakuta majina mengine, maradhi yale yale.

Usikimbilie kuwasha upya seva. Hazina ni vitu vitatu vinavyokaa sehemu tatu tofauti. Kuna hifadhidata ya PostgreSQL, ambamo mna metadata: mada, mwandishi, mwaka, nani anaruhusiwa kuona nini. Kuna folda ya assetstore, ambamo mna mafaili yenyewe. Na kuna Solr, yenye fahirisi ya kutafutia. Ukurasa anaouona msomaji ni dirisha tu. Karibu kila lalamiko utakalolisikia maana yake ni kwamba kimoja kati ya vitatu hivi hakikufika kizima, au vimefika vyote lakini havielewani. Kwa hiyo msikilize mlalamikaji huku ukijiuliza: hili ni la hifadhidata, la mafaili, au la fahirisi?

Jambo la pili ni kuhesabu. Kwenye seva ya zamani (natumaini hamjaizima), uliza hifadhidata:

select count(*) from item where in_archive = true and withdrawn = false;
select count(*) from bitstream where deleted = false;

Kisha kwenye folda ya mafaili: find assetstore -type f | wc -l

Rudia yote kwenye seva mpya, andika namba kwenye karatasi, pande mbili. Idadi ya mafaili kwenye folda ikizidi ile ya hifadhidata kidogo, usishtuke. Ni mafaili yaliyofutwa ambayo amri ya dspace cleanup haijayaondoa. Ikipungua, umeshapata mgonjwa wako.

Ukurasa hautokei, au unatoa kosa 500

Waliozoea XMLUI na JSPUI, sura za tovuti za matoleo ya zamani, hapa ndipo wanapopotea. Tangu toleo la 7, lililotoka Agosti 2021, sura ya tovuti imetenganishwa na injini. Sura inaendeshwa na Node.js, injini iko Tomcat, na zinaongea kwa anwani ya intaneti kama watu wawili wanaopigiana simu. Namba ikikosewa herufi moja, hakuna maongezi.

Fungua anwani ya injini moja kwa moja kwenye kivinjari, ile inayoishia na /server/api. Ukiona maandishi marefu ya data, injini iko hai na tatizo liko kwenye simu yenyewe. Linganisha dspace.server.url na dspace.ui.url kwenye local.cfg (faili la mipangilio ya injini) na kile kilichoandikwa kwenye config.prod.yml (la sura). Vinatakiwa vifanane kabisa: http na https si kitu kimoja, www na pasipo www si kitu kimoja.

Kuna ugonjwa mmoja wa hapa unaochosha sana. Kivinjari chako kinafungua injini vizuri, lakini sura inaendelea kutoa 500. Sababu ya kawaida ni cheti cha usalama kilichowekwa bila cheti cha kati cha mtoaji. Vivinjari vingi hujitafutia kipande kilichokosekana, Node.js haijisumbui, inakataa tu. Endesha amri ya test:rest ukiwa kwenye seva ya sura yenyewe, si kwenye kompyuta yako ya mezani, utaona kosa lenyewe.

Ukurasa ukifunguka lakini kila anayeingia na nenosiri lake anapata 403, yaani amekataliwa, tazama Nginx au Apache, programu inayopokea wageni mbele ya Tomcat: mara nyingi haikuambiwa kupitisha kichwa cha X-Forwarded-Proto, injini inadhani watu wanakuja kwa http, vidakuzi vinakataliwa. Na kama uhamishaji wa hifadhidata uligoma katikati, hakikisha nyongeza ya pgcrypto imewekwa, kisha tumia dspace database migrate ignored. Hilo neno la mwisho watu hulisahau. Bila hilo hatua za kutoka toleo la 6 kurudi nyuma haziendeshwi zote.

Mada inaonekana, faili halifunguki

Hili nilipelekewa na binti wa mwaka wa tatu aliyekuja hadi dirishani kwangu na simu mkononi.

"Shikamoo, mkutubi. Nimeipata tasnifu, hii hapa. Nikibonyeza, inazunguka tu."

Nikaichukua simu. Mada ipo, jina la mwandishi lipo, ikisiri ipo, hata ukubwa wa faili umeandikwa. Hayo yote yanatoka hifadhidata. Faili lenyewe ndilo halipo.

Chanzo tulikipata jioni. Seva mpya ilikuwa jengo jingine, na mtandao kati ya majengo ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo kijana wa TEHAMA alifunga assetstore yote katika faili moja la tar na kuliweka kwenye diski ya nje ili aibebe mkononi. Wazo zuri. Ila diski ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye kufika 4 GB. Nakala ikakatika pale pale kwenye 4 GB, ujumbe wa kosa ukatokea usiku hakuna mtu, na asubuhi yeye akaona faili liko kwenye diski, akaondoka nalo. Kulifungua upande wa pili, tar ikatoa yaliyowahi kuingia na kulalamika mwishoni kwamba faili limeisha ghafla. Nani anasoma mstari wa mwisho wa skrini nyeusi baada ya mistari elfu kumi?

Ukiingia ndani ya assetstore kwa macho huwezi kugundua upungufu. Mafaili hayana majina ya kibinadamu wala kiambishi cha pdf. Kila moja ni tarakimu ndefu, na tarakimu sita za mwanzo ndizo zinazounda folda tatu lilimofichwa. Faili linaloanza na 481907 liko ndani ya 48, ndani ya 19, ndani ya 07. Ili ulipate la tasnifu fulani, chukua internal_id yake kwenye jedwali la bitstream, uifuate folda kwa folda. Ukifika mwisho kukawa patupu, halikuhamia. Ukilikuta, tatizo ni ruhusa: ulinakili ukiwa root (msimamizi mkuu wa seva), na DSpace inaendeshwa na mtumiaji mwingine asiyeruhusiwa kulisoma. Hapo chown moja, amri ya kubadili mwenye faili, inamaliza kesi.

Kwa kunakili upya, acha tar. Tumia rsync -avh --partial kati ya seva mbili. Ikikatika, inaendelea ilipoishia, na hata ikichukua siku mbili haidhuru. Kisha endesha dspace checker -l. Hifadhidata inatunza alama ya MD5 ya kila faili tangu lilipopakiwa, na amri hii inalinganisha moja baada ya jingine. Inachukua muda mrefu. Iache ifanye kazi yake usiku kucha, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha faili lililopo lakini limeharibika, jambo ambalo kuhesabu peke yake hakulioni.

Kutafuta hakuleti kitu

Kama hakuleti kitu chochote kwa neno lolote, fahirisi haijajengwa. Endesha dspace index-discovery -b, nenda kanywe chai, ukirudi jaribu tena. Nusu ya malalamiko ya Jumatatu yanaishia hapa.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na nyingi hazikuletwa na kuhama. Zilikuwepo miaka yote, ila kuhama ndiko kumewafanya watu watazame.

Ya kwanza ni tasnifu zilizoskaniwa. Fungua PDF, jaribu kuburuta kidole juu ya neno moja ulichague. Likichaguliwa, ni maandishi. Ukurasa mzima ukigeuka bluu, au pasitokee kitu, hiyo ni picha ya maandishi, na hakuna fahirisi duniani inayosoma picha bila kusaidiwa. Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, inakifahamu Kiswahili. Kifurushi chake kinaitwa tesseract-ocr-swa. Ukitumia OCRmyPDF, amri ni:

ocrmypdf -l swa+eng --skip-text zamani.pdf mpya.pdf

Weka lugha zote mbili, maana tasnifu zetu huwa na ikisiri ya Kiingereza na mahojiano ya Kiswahili. Ukiiacha eng peke yake itakusomea Kiswahili kwa makosa ya kuchekesha. Baada ya kubadilisha mafaili, endesha dspace filter-media ili maandishi yachotwe humo, kisha jenga fahirisi upya.

Ya pili wengi hawaijui. Toleo la 7, lisipoambiwa vingine, huchota herufi 100,000 za kwanza tu za kila faili na kuziweka kwenye fahirisi. Tasnifu ya uzamivu huzipita hizo kabla ya kufika katikati. Kwa hiyo mtu akitafuta jina la kijiji lililotajwa kwenye sura ya tano, jibu ni hakuna, ingawa limo. Ongeza textextractor.max-chars kwenye local.cfg kadiri kumbukumbu ya seva inavyoruhusu, kisha filter-media -f ili irudie hata mafaili iliyokwisha kuyachota.

Ya tatu ni lugha yetu yenyewe. Fahirisi ya DSpace imefundwa kukata mikia ya maneno ya Kiingereza: teacher na teachers huitambua kuwa ndugu. Kiswahili hubadilika kichwani. Mtu akiandika "walimu" hapati "mwalimu". "Vitabu" na "kitabu" kwake ni watu wasiojuana. Sijaona dawa kamili ya hili. Tunachofanya ni mambo mawili. Mkutubi anapoweka maneno ya somo, aweke umoja na wingi. Na kwa maneno yanayotafutwa sana tumejaza faili la visawe la Solr, synonyms.txt, mstari mmoja kwa kila jozi: mwalimu, walimu. Ni kazi ya mikono, na inastahili kupewa mtu anayependa orodha.

Herufi zimevurugika: Ngâ€™ombe

Ukiona ng'ombe wa aina hii malishoni, ujue maandishi yaliyohifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8 yamesomwa na programu iliyodhani ni usimbaji mwingine, Windows-1252. Ile ritifaa iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe unapoandika ng', ndiyo inayopasuka kuwa alama tatu.

Uliza hifadhidata: SHOW server_encoding; Jibu lisipokuwa UTF8, usianze kurekebisha neno moja moja. Tengeneza hifadhidata mpya yenye UTF8 na urudishe nakala upya. Jibu likiwa UTF8 na bado neno limevurugika, mkosaji mara nyingi ni Excel. Mtu alishusha metadata kwa CSV (jedwali la maandishi matupu), akaibonyeza mara mbili, Excel ikaifungua kwa namna yake, akahifadhi, akaipandisha. Pamoja na herufi, angalia tarehe zake: 2012-07 huwa inageuka Jul-12 bila mtu kuombwa ruhusa. Kwa kazi hii tunatumia LibreOffice, ambayo huuliza kwanza faili ni la usimbaji gani, na safu za tarehe tunaziambia ni maandishi.

Hata herufi zikiwa nzima, ritifaa zina vita vyake. "Ng'ong'a" yenye ritifaa iliyonyooka na "Ng’ong’a" yenye iliyopinda zinaonekana sawa kwa jicho lakini kwenye orodha ya waandishi ni watu wawili. Hali hiyo hiyo kwa Nyerere, J. K., na Nyerere, Julius K., na Nyerere, Julius Kambarage: msomaji anabonyeza mmoja anapata hati chache, anadhani ndizo zote. Chagueni umbo moja, liandikwe ukutani, mrekebishe kwa CSV. Sisi tumechagua ritifaa iliyonyooka kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kibodi ya kila mtu.

Viungo vya zamani vimekufa

Tasnifu za wenzenu, ripoti za wizara, orodha za rejea za watu msiowajua: zote zina kiungo cha aina ya /xmlui/handle/123456789/456. Kwenye toleo jipya hakuna xmlui. Mstari mmoja wa Nginx unaoondoa xmlui au jspui na kupitisha kilichobaki unafufua vingi kwa mpigo, kwani sura mpya bado inaelewa /handle/ na hata viungo vya zamani vya mafaili.

Sasa itazame hiyo 123456789. Ni namba ya mfano inayokuja na DSpace, iliyotakiwa kubadilishwa siku ya kwanza kwa kusajili kiambishi chenu cha Handle, mfumo wa anwani za kudumu za hati. Hazina nyingi hazikuwahi kusajili. Matokeo yake kiungo cha hdl.handle.net chenye namba hiyo hakimfikishi mtu kwenu, na hakijawahi kumfikisha. Kuhama ni wakati mzuri wa kulimaliza: sajilini, endesheni dspace update-handle-prefix 123456789 ikifuatiwa na namba yenu, jengeni fahirisi upya, mfungue mlango wa 2641 kwenye ngome ya mtandao. Na kwenye Nginx muache njia ya kupeleka 123456789 kwenye namba mpya, maana vilivyochapishwa kwenye karatasi havirekebishiki.

Takwimu za usomaji zimerudi sifuri

Mhadhiri wa mlangoni ana haki ya kukasirika. Hesabu hizo huingia kwenye maombi yake ya kupandishwa cheo. Takwimu hazikai PostgreSQL. Zinakaa Solr, kwenye sehemu inayoitwa statistics, na waliohama wakabeba hifadhidata na mafaili tu waliziacha nyuma.

Hapa kuna mtego. Watu wameambiwa, na mimi nimewaambia hapo juu, kwamba fahirisi hujengwa upya kwa amri moja. Ni kweli kwa ya kutafutia, ni kweli kwa ya OAI, inayotumika kuzipa maktaba nyingine metadata. Ya statistics haina pa kujengewa, ikifutwa imekwenda. Kwa hiyo kama seva ya zamani ipo, toa kwa dspace solr-export-statistics na uingize upande wa pili kwa solr-import-statistics. Kama haipo lakini mafaili ya dspace.log yamebaki mahali, stats-log-converter inaweza kurudisha sehemu. Kama vyote havipo, mwambie mhadhiri ukweli siku hiyo hiyo, mwandikie barua ya uthibitisho kutokana na ripoti zozote mlizowahi kuchapisha.

Inafunguka, lakini inatambaa

Uliza kwanza: kwa nani? Kama ni kwa wote, usiku na mchana, tazama logi ya Nginx. Siku hizi mara nyingi si wanafunzi. Ni roboti zinazozunguka kila muunganiko wa mwandishi, mwaka na somo, kurasa zisizo na mwisho. Robots.txt huzuia zenye adabu; kwa zisizo na adabu weka limit_req, kanuni ya Nginx ya kupunguza kasi ya maombi.

Kama ni kwa mwanafunzi aliye nyumbani na simu, pima faili. Ukurasa mmoja wa A4 ulioskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, ni kama MB 26. Hata ukibanwa, tasnifu ya kurasa mia mbili hutoka na MB mia na zaidi, na msomaji wako ana bando la MB mia tano hadi Jumapili. Google Scholar nayo inataka PDF isiyozidi MB 5. Tunzeni picha kubwa za asili pembeni kwa ajili ya uhifadhi, na msomaji apewe nakala ya kijivu iliyobanwa. Kwangu hili ndilo badiliko moja lililoongeza wasomaji kuliko seva yoyote mpya.

Kama ni kwa walio ndani ya chuo tu, na intaneti yote imelala, hilo nalo lina funzo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, hazina iliyokuwa kwenye chumba cha seva cha chuo, yenye DNS ya ndani, iliweza kusomeka kwa mtu aliyeketi maktaba. Iliyopangishwa Ulaya haikuweza. Hakikisha tu kwamba kurasa zako hazivuti fonti wala maktaba za JavaScript kutoka nje, la sivyo zitasubiri kitu kisichokuja.

"Kitabu changu mmekipoteza"

Namba zimelingana, checker imepita, na bado mtu anaapa kazi yake ilikuwemo. Usibishane naye. Ingia kama msimamizi, utafute vilivyoondolewa, vilivyofichwa na vilivyowekewa muda wa kusubiri; hivyo huhama navyo kimya kimya. Kisha fungua metadata zote na usome dc.description.provenance. DSpace huandika humo kila hatua: nani aliwasilisha, nani aliidhinisha, nani aliondoa, saa ngapi.

Mzee mmoja alitushtaki hadi kwa mkuu wa idara. Nilipofungua provenance nikakuta kazi iliondolewa miaka kadhaa kabla ya kuhama, na kwenye jalada la karatasi kulikuwa na barua yake mwenyewe akiomba iondolewe, maana alitaka kuichapisha kama kitabu. Akaisoma, akavua miwani, akauliza kama inawezekana kuirudisha. Ni kitufe kimoja.